Pale K Zilipokwisha

Wageni wengi wanaoingia jumba la makumbusho la Plantin-Moretus mjini Antwerp hukimbilia chumba cha mitambo, na huwezi kuwalaumu. Humo mna mitambo miwili ya mbao ya kupigia chapa iliyoundwa yapata mwaka 1600, na duniani haijasalia mingine iliyo ya kale kuliko hiyo. Mimi nilikaa sana chumba cha wasahihishaji. Hakina mengi ya kuvuta jicho: meza ya mwaloni, mahali pa kukaa, na madirisha yanayomimina mwanga wa uani juu ya meza. Kimetulia, lakini utulivu huo ni wa makumbusho tu. Enzi ya kazi, prufu, yaani kurasa za majaribio, zilisomwa kwa sauti. Mmoja alishika mswada akausoma neno kwa neno, mwenzake akawa anafuata kwenye karatasi yenye wino mbichi, kalamu mkononi, akisikiliza na kutazama kwa pamoja. Sikio na jicho vikipingana, hapo pana kosa.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya Kiswahili, na tangu utotoni Tanga nimekuwa mpenzi wa vitanzandimi. Mambo haya mawili yalikaa mbalimbali kichwani mwangu: moja la ofisini, la macho na karatasi, jingine la barazani, la midomo na vicheko. Safari hii niliifunga kwa ajili ya vitabu vya kale na sura za herufi zake. Katika chumba kile ndipo nilipoanza kuona kwamba nimefuata jambo moja. Kitanzandimi hukunasa kwa sababu sauti zinazokaribiana zimewekwa bega kwa bega. Herufi za risasi humnasa mpangaji na msahihishaji kwa sababu hiyo hiyo, isipokuwa hapa kinachokaribiana ni maumbo. Na dawa ya wazee wa chapa kwa jicho lililonaswa ilikuwa kuita ulimi uje usaidie.

Mwenye nyumba, Christoffel Plantin, alikuwa Mfaransa aliyehamia Antwerp mwishoni mwa miaka ya 1540 na kuanza kuchapa vitabu mwaka 1555. Katikati ya miaka ya 1570 alikuwa na mitambo 16 na wafanyakazi zaidi ya 50. Watu wawili kwa mtambo mmoja walitazamiwa kutoa karatasi 1,250 kwa siku, zimechapwa pande zote mbili, na kila upande ulitaka mpini uvutwe mara mbili. Piga hesabu: mivuto 5,000 kutwa. Ukiushika mpini wa mtambo wa aina hiyo utajua kwa nini vipande vya mbao vilipokatika havikumshangaza mtu.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni Biblia ya lugha tano, yaani Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kiaramu na Kisiria. Aliianza mwaka 1568 kwa idhini ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, chini ya usimamizi wa mwanazuoni Benito Arias Montano, ikatoka katika majuzuu 8. Fungua juzuu moja uone: nguzo za maandishi zimesimama sambamba, Kiebrania kikitoka kulia kwenda kushoto, Kilatini kikitoka kushoto kwenda kulia, Kigiriki kimekaa ukurasa wa pili kikiwa na Kilatini chake. Hakuna nguzo iliyozidiwa nafasi na mwenzake. Nimehariri vitabu vya lugha mbili tu, nikakesha nikitafuta namna ya kulinganisha aya, nami nilikuwa na kompyuta.

Lakini kilichonishika zaidi ni habari ya Magdalena. Mwaka 1570 Plantin aliandika barua akaeleza kazi za binti zake. Tangu wakiwa wadogo walifundishwa kusoma na kuandika ili wasaidie kusahihisha prufu, na Magdalena, binti yake wa nne, ndiye aliyekuwa akipeleka prufu za Biblia kwa Arias Montano na kumsomea kwa sauti kutoka kwenye nakala za asili: Kiebrania, Kisiria, Kigiriki, Kilatini. Alikuwa na miaka 13 hivi. Hakutakiwa kufasiri, alitakiwa kutamka kilichoandikwa, chote, bila kuruka na bila kukisia. Mtoto wa pwani aliyepita chuo cha Kurani, akahitimu juzuu nzima kwa kutamka kila harakati mahali pake kabla hajajua Kiarabu, atamwelewa Magdalena kuliko profesa. Ujuzi wa aina hiyo una faida kubwa kwenye prufu. Anayeelewa maana huyarekebisha makosa kichwani bila kujijua, akayapita. Asiyeelewa hana pa kukimbilia, husoma kilichopo.

Nadhani kitanzandimi kinataka jambo hilo hilo. Mradi unafikiria maana, ulimi unateleza. Wanaokiweza huwa wameiacha maana wakashika silabi.

Orofa ya juu mna mahali palipokuwa pakisubiwa herufi zenyewe. Jumba hili limehifadhi zaidi ya mihuri 4,000 ya chuma cha pua na vipande vya shaba zaidi ya 15,000, kazi ya mikono ya mafundi kama Claude Garamond, Robert Granjon na Hendrik van den Keere. Nilisimama mbele ya kabati moja la kioo mpaka mlinzi akaja kunitazama. Fundi alichonga herufi moja kwenye ncha ya chuma, kinyumenyume, ndogo kiasi cha punje ya mtama. Chuma hicho kikagongwa kwenye kipande cha shaba, kikaacha shimo lenye sura ya herufi. Shaba ikatiwa kwenye kalibu ya mkononi, ikamiminiwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, na kwa muda wa kufumba na kufumbua herufi imeganda. Kwa muhuri mmoja unapata maelfu ya herufi zilizo sawa kabisa. Karibu kila kitu unachokisoma leo, hata kwenye simu, kina damu ya kazi ile. Wako watengenezaji wa fonti za kompyuta ambao hadi leo huchora herufi zao kwa kufuata za Garamond na Granjon.

Sasa tazama mitego. Kwenye kurasa za wakati ule s ilikuwa na sura mbili. Ile fupi tunayoijua ilikaa mwisho wa neno. Kwingineko ilitumika s ndefu, iliyosimama wima na kuinamisha kichwa, ikafanana na f kiasi kwamba tofauti yake ni kijitawi upande mmoja wa shina. Asiyezoea huisoma f kila mahali na mdomo wake hutoka na maneno ya ajabu. Herufi f yenyewe kichwa chake kilitokeza nje ya kiwiliwili chake cha risasi. Ikifuatwa na i, kichwa kinagongana na kitone cha i na kuvunjika. Ndiyo maana mafundi walisubu f na i pamoja, zikawa kipande kimoja, na f mbili vilevile, na f mbili zenye i. Urembo huo unaousifu kwenye vitabu vya kale ulianza kama njia ya kuokoa risasi isivunjike.

Halafu kuna w. Kilatini hakikuwa na kazi nayo, kwa hiyo seti nyingi za herufi za mwanzo hazikuwa nayo au zilikuwa nayo chache, na mpangaji wa Kiingereza alipoishiwa aliweka v mbili zikiwa zimebanana. Hebu fikiria kile kitanzandimi cha wari wa liwali na wali wao kingefika kwa mchapaji wa namna hiyo. Ukurasa mzima ungekuwa safu ya v, kama meno ya msumeno.

Na mpangaji hasomi kama sisi. Herufi za risasi zimegeuka kama kwenye kioo, naye huzishika kichwa chini, akisoma kutoka kushoto kwenda kulia huku kila herufi imepinduka. Kwa macho hayo b, d, p na q ni ndugu wa tumbo moja. Hapo nilikumbuka kinyume, ule mchezo wa pwani wa kuitanguliza silabi ya mwisho, nyumba ikawa mbanyu na paka akawa kapa. Bibi yangu na shoga zake walikuwa wakizungumza kwa kinyume sebuleni na sisi watoto tusiambulie kitu. Hawakuwa wakigeuza silabi moja moja kwa kufikiri. Walikwisha kuuzoea upande wa pili wa lugha wakawa wanaishi huko. Wapangaji chapa nao waliishi upande wa pili wa ukurasa.

London niliingia kwa treni ya chini ya bahari. Watu wa chapa huanzia Fleet Street, ambako Wynkyn de Worde alihamishia mtambo wake yapata mwaka 1500, na kanisa la St Bride lililo kando ya barabara hiyo ndilo kanisa la wachapaji. Magazeti yaliyokuwa hapo yamekwisha kuhama mtaa huo. Sikukaa. Nilitembea hadi uwanja wa kanisa kuu la St Paul, kwa sababu kona ya uwanja huo ndiyo iliyokuwa na duka la vitabu vya watoto la John Harris, na mwaka 1813 Harris alitoa kitabu ambacho kwa mpenzi wa vitanzandimi ni kama hati ya kuzaliwa: Peter Piper's Practical Principles of Plain and Perfect Pronunciation.

Duka halipo. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 mabomu ya Ujerumani yaliteketeza mtaa wa jirani wa Paternoster Row, uliokuwa makao ya wauza vitabu, na inakadiriwa vitabu milioni 5 viliungua. Leo pana ofisi, mikahawa na wafanyakazi wanaokula mkate juu ya ngazi za mawe. Kitabu chenyewe nilikisoma maktabani.

Ni chembamba. Mwandishi wake hakutajwa. Karibu kila herufi ya alfabeti ina mtu wake, mwenye jina na tendo vinavyoanza kwa herufi hiyo. B ina Billy Button na biskuti yake ya siagi, N ina Neddy Noodle, P ina Peter Piper aliyechuma pilipili za kuloweka. Kila mmoja ana picha yake. Chini ya picha, kauli inasemwa mara moja, inageuzwa swali, inarudi ikiwa na sharti, kisha inauliza kile kitu kiko wapi. Kwa hiyo mtoto hatamki fundo mara moja. Analitamka mara nne, na kila mara mpangilio wa maneno umehama kidogo ili ulimi usipate njia ya mkato. Mwishoni X, Y na Z zimefungwa pamoja, kwa kuwa hata mwandishi yule hodari hakupata watu wa kuzijaza.

Nilikitazama kama mtu wa kazi hiyo. Herufi ni kubwa kuliko za vitabu vingi vya watoto wa kale, mistari ina nafasi, na s ndefu haimo. Wachapaji wa Uingereza walianza kuiacha mwishoni mwa karne ya 18, gazeti la The Times likaiaga mwaka 1803. Miaka kumi baadaye kitabu cha matamshi kikatoka kikiwa hakina mtego wa jicho hata mmoja. Mitego yote imeachiwa ulimi. Jicho limesafishiwa njia makusudi ili, ukijikwaa, usipate cha kukisingizia. Sijui kitabu kingine cha zama zile ambamo kazi ya mpangaji chapa na kazi ya mtunzi zimeelewana namna ile.

Wapo wanaosema Peter Piper ni Pierre Poivre, Mfaransa wa Lyon aliyezaliwa 1719, aliyepoteza mkono wa kulia vitani baharini, akaja kuwa mtawala wa kisiwa cha Mauritius. Jina lake kwa Kifaransa ni pilipili manga, na alisifika kwa kuiba miche ya karafuu na kungumanga kutoka visiwa vya Moluku vilivyokuwa mikononi mwa Waholanzi. Ushahidi wa kumuunganisha na kitanzandimi haupo, nami siukazanii. Lakini miche yenyewe ni ya kweli. Ilifika Mauritius mwaka 1770, na ni kutoka visiwa vya upande huo karafuu ilivuka kuja Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Ukimtamka Peter Piper huku umesimama Kizimbani, Unguja, umezungukwa na mikarafuu, unaweza kujiruhusu kutabasamu.

Upande wa mashariki wa London ipo karakana inayofundisha kupanga herufi kwa mkono. Mwenyewe ni mzee aliyeingia kazi hii akiwa kijana wa kufundishwa, na vidole vyake vinakwenda kwenye sanduku la herufi bila macho kufuata. Aliniuliza nataka kupanga nini. Wengi hupanga jina lao. Nikamwambia nataka kupanga sentensi hii:

Katibu Kata wa Kata ya Mkata kakataza wakata miti kukata miti.

Akanipa sanduku la herufi za pointi 24. Sanduku la Kiingereza limegawanywa kwa hesabu ya Kiingereza. Katikati kuna kisanduku kipana kuliko vyote, ndicho cha e, maana Kiingereza hakiendi hatua mbili bila e. Vya t, n, o na s ni vikubwa pia. K imewekwa kando, kwenye kichumba cha kuingiza vidole viwili, pamoja na j, z na jamaa zake wasioitwa mara kwa mara. Nikaanza. Kibao cha chuma mkono wa kushoto, herufi mkono wa kulia, ule mfuo uliochimbwa ubavuni mwa kila herufi ukitazama juu ili kidole gumba kijue kwamba haikupinduka vibaya. K, a, t, i, b, u. Sentensi ilipokamilika mzee alitazama sanduku, akacheka kwa mshangao. Kisanduku cha e hakikuguswa. Cha n, cha o, cha s, cha h, cha r, vyote vilikuwa vimejaa kama alivyoviacha. Nilichota a kumi na nane na k tisa, tatu kati yake za herufi kubwa.

Nilitaka sentensi ijirudie ukurasa mzima, kama zoezi la Peter Piper. K kubwa zikaisha kwanza. K ndogo zikafuata muda mfupi baadaye, na ukurasa ulikuwa bado mweupe zaidi ya nusu. Mzee akanionyesha walivyokuwa wakifanya zamani. Herufi ikiisha, mpangaji huchukua nyingine yenye unene ule ule na kuisimamisha miguu juu, ili kwenye prufu itoke alama nyeusi mbili badala ya herufi. Msahihishaji akiona alama hizo anajua hapo panasubiri. Tukafanya hivyo, tukapaka wino, tukapiga. Ukurasa ulitoka ukiwa na Kiswahili changu juu, na kadiri unavyoshuka ndivyo kinavyotobolewa na madoa meusi, mpaka mistari ya mwisho ikawa a na t zilizozungukwa na weusi.

Karatasi ile ilinifundisha zaidi ya vitabu vingi nilivyosoma kuhusu kitanzandimi ni nini. Ni sentensi inayokomba kisanduku kimoja na kuviacha vingine. Lugha ya kila siku hutumia sanduku zima, kila herufi kwa zamu yake, na ndiyo maana ulimi haupati tabu: ukitoka kaakaani unaenda kwenye meno, ukitoka kwenye meno unaenda midomoni, unapumzika njiani. Kitanzandimi kinaunyima mapumziko. Kinauita mahali pale pale tena na tena mpaka unachoka na kushika sauti ya jirani. Fundi wa chapa angeweza kukuambia sentensi ipi itakukwaza bila kuijua lugha, kwa kutazama tu visanduku vilivyobaki vimejaa.

Karatasi ile ilinifanya pia niwawaze vijana wa chapa wa Zanzibar ya zamani. Mmisionari Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya vyuo vikuu, na miongoni mwa kazi za awali za misheni ile ilikuwa mtambo mdogo wa chapa. Waliofundishwa kuutumia ni wavulana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walikuwa watoto waliotekwa bara, kwao ni Uyao, Unyasa na kwingineko, Kiswahili chenyewe wakijifunza, huku mikono yao ikijifunza kukipanga kwa herufi zilizosubiwa kwa hesabu ya Kiingereza. Kila aliyewahi kupanga ukurasa wa Kiswahili kwa sanduku la namna ile alijua a, k na w zinavyokimbia. Kitabu cha hadithi za Waswahili cha Steere kilitoka London mwaka 1870, mwaka ule ule na kitabu chake cha sarufi, na gazeti la Msimulizi likachapwa na misheni hapo Unguja kuanzia 1888. Sisi huwataja wamisionari. Waliozichota herufi moja moja hatuna hata orodha yao ya kutosha, na inaniuma, kwa sababu tahajia tunayoandikia leo ilipita kwanza kwenye vidole vyao.

Steere huyo hakudharau michezo ya ulimi. Katika kazi zake alichapa mifano ya kinyume, akieleza jinsi watu wa Unguja walivyokitumia kufichiana maneno. Pia alikuwa na maoni makali juu ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu: kwamba huwezi kukisoma mpaka uwe na fununu ya kinachosemwa. Alikuwa na lake, lakini tatizo lilikuwepo. Katika hati za kale ba moja ilibeba b na p pamoja, kwa kuwa Kiarabu hakina p. Chukua mpishi mbishi. Kwa hati hiyo maneno hayo mawili ni neno moja limeandikwa mara mbili, na msomaji ndiye anayeamua ni yupi anayepika na yupi anayebisha. Wazee wetu waliozisoma hati hizo kwa mserereko, tenzi baada ya tenzi, walikuwa na ndimi na masikio ambayo sisi tuliolelewa na herufi za Kirumi hatunayo.

Zanzibar pia palikuwa na chapa ya Kiarabu. Sultani Barghash alileta mtambo yapata mwaka 1880, ukachapa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi, kikiwamo Qamus al-Sharia, kazi ya majuzuu mengi. Herufi za Kiarabu zinashikana mikono, na kila moja hubadili sura ikiwa mwanzo, katikati au mwisho, kwa hiyo sanduku lake lina visanduku vingi maradufu. Kwa miaka kadhaa, katika mji mmoja mdogo wa mawe, walikuwepo wapangaji waliokwenda kulia na wapangaji waliokwenda kushoto, pengine wakinunua samaki soko moja. Natamani mtu aandike kitabu kizima juu ya mji huo peke yake.

Niliporudi nilipitia Unguja, nikaingia kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Steere amezikwa humo, nyuma ya madhabahu. Alifariki mwaka 1882. Kisha nikashika njia ya Darajani, kwa kijana mmoja anayechapa kadi za harusi na mabango ya khitma. Nilitaka kadi za kitanzandimi, moja moja kwa kila mtoto wa darasa la mpwa wangu. Vitabu vyetu vya shule huvitupa vitanzandimi pembeni mwa ukurasa, ndani ya kiboksi cha rangi, kwa herufi ndogo kuliko za somo lenyewe, kana kwamba ni kijazia nafasi. Hakuna anayejiuliza mstari ukatwe wapi. Nami naona kitanzandimi kinastahili kupangwa kwa uangalifu kuliko shairi, maana nafasi nyeupe ndani yake ni pumzi, na pumzi ikikaa pasipo pake fundo linafunguka lenyewe. Maandishi ya Kilatini ya kale hayakuwa na nafasi kati ya maneno. Wasomaji wengi waliyasoma kwa sauti ili wayaelewe. Watawa wa Ireland, ambao Kilatini kwao kilikuwa cha kujifunza, ndio walioanza kuyatenga maneno kwenye karne ya 7 na ya 8, na kusoma kwa macho tu kukawa rahisi.

Nikampa kijana ile karatasi ya London. Aliisoma kwa sauti, akafika salama hadi Mkata, akakwama kwenye kakataza wakata. Akarudia, akakwama tena, akavuta kiti.

"Mwalimu, hii tuikate hapa," akasema, akiweka kidole baada ya Mkata. Kwenye kompyuta k haziishi. Aliandika, akakata, akaisoma mistari miwili bila tatizo. Akaweka kila neno mstari wake: hapo hata mteja aliyekuwa akisubiri risiti alisoma vizuri. Kijana akaitazama skrini, akatikisa kichwa.

"Hapana. Nimeifungua. Hapa hakuna kitanzandimi, hapa kuna tangazo la serikali."

Akarudisha yote kwenye mstari mmoja. Nikamwomba aondoe herufi kubwa, kwa sababu K kubwa za Katibu na Kata zilikuwa zinalipa jicho mahali pa kukanyaga. Akaziondoa. Akapunguza nafasi kati ya maneno, lakini si sana, mradi mtoto aone neno linapoishia. Fonti alichagua yenye k pana, miguu imeachana. Tukawa na mstari mmoja unaotoka ukingo hadi ukingo, k tisa za kimo kimoja:

katibu kata wa kata ya mkata kakataza wakata miti kukata miti

Akausoma. Akakwama pale pale, akapiga meza kwa furaha, akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje ajaribu. Kisha akaniuliza nataka ngapi. Nikamwambia mia moja. Akasema kwa watoto karatasi nyembamba haitafaa, nitoe pesa zaidi kidogo anipe ile ya kadi za harusi.